Shavu la Kaku na Shavu la Mama Zuena

Juzi nilikwenda kwa jirani hapa mtaani kwetu Kasuku, mjini Kindu, kumrudishia sufuria yake, na kabla sijabisha hodi harufu ikanishika mlangoni. Jani la mbarika juu ya makaa, limepakwa mawese mapya, na tangawizi iliyopondwa inaungua kidogo pembeni. Nilisimama pale na sufuria mkononi, mkono wa pili nimejishika shavu. Mwenye nyumba akatoka akanikuta hivyo. "Mama, meno iko inakuuma?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, meno yangu machache yaliyobaki hayana ugomvi na mtu. Ni mjukuu wake aliyekuwa na matubwitubwi, amelala mkekani, uso umejaa hadi macho yamebaki vitundu viwili. Nikakaa naye mpaka jua likageuka, nikamsimulia kisa changu, akacheka hadi akalia kwa maumivu ya taya. Basi ngoja niwasimulie na ninyi wa rika langu, ambao mashavu yenu yamepumzika.

Tulikaa katika kambi ya reli. Baba alikuwa mtu wa Kasai, fundi wa njia ya treni, mtu wa kupima kila kitu kwa kamba na kukohoa kabla ya kusema. Mama alikuwa mama tu, yaani kila kitu. Na tulikuwa na Kaku, mama mzazi wa baba. Kwetu Kasai, Kaku ndilo jina la bibi na babu. Alikuja kwa treni baada ya kumzika mumewe, na alichobeba kilikuwa furushi la nguo, kinu kidogo cha mti mweusi, na mfuko wa udongo mweupe tunaouita pemba. Alipewa chumba changu, au tuseme mimi nilipewa ubavu mmoja wa kitanda chake. Nililalamika siku mbili. Siku ya tatu nilikwisha zoea kulala nimeshika kidole chake gumba, na tangu hapo sikutaka kulala na mtu mwingine.

Ng'ambo ya ua wetu wa matete alikaa Mama Zuena, mzaliwa wa Kindu, Mwislamu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mto. Kabla Kaku hajaja, watoto wote wa kambi waliougua walipelekwa kwake. Tumbo, kikohozi, upele, yeye ndiye. Kaku alipofika naye akaanza kuponda majani yake, na baadhi ya akina mama wakaanza kupitia mlango wetu. Hapo ndipo vita vilipozaliwa. Siku moja Kaku alichuma lumbalumba, ule mmea wa majani ya kunukia, iliyoinamia upande wetu, lakini mizizi yake ilikuwa upande wa Mama Zuena. Mama Zuena akauliza juu ya ua, kwa sauti kubwa, kama huko Kasai majani huchumwa bila hodi. Kaku akajibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba jani likija kwako lenyewe ni mgeni, unalipokea. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mvua zote za mwaka zilipita, hawasalimiani. Ninyi mnajua, Kindu mtu asiyekusalimu asubuhi amekwisha kukuzika.

Sasa sikilizeni. Nilikuwa darasa la sita, mwaka wa mtihani. Mtihani ulikuwa Ijumaa. Jumamosi kabla yake ilikuwa Salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mji, na sisi wanafunzi tulipewa barabara ya kwenda kituoni. Tulipokwisha kuimbia bendera, direkteri wetu, mkuu wa shule, alisimama mbele yetu na abakosti yake, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, imekazwa hadi shingoni, akatangaza kwamba ugonjwa wa mashavu umekwisha kula nusu ya darasa la nne. "Siku ya egzame, shavu lenye kuvimba halivuki huu mlango. Na asiyevuka, atarudia mwaka." Watoto walicheka. Mimi sikucheka. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kusema, mbele ya watu, kwamba nikirudia mwaka nitapelekwa kwa shangazi nikamlelee watoto wake, na habari za shule zitaishia hapo. Katika ukoo wetu wote hakuna msichana aliyewahi kufika mtihani ule. Mimi nilikuwa wa kwanza, na walikuwa wananitazama kama mtu aliyepanda juu ya mti bila kuuliza atashukaje.

Basi nikashika ufagio, nikapiga miayo, na chini ya sikio la kushoto kitu kikavuta. Nikasema ni usingizi. Nikafagia. Saa nne nilipewa kipande cha nanasi, nikauma, na nikapiga ukelele ambao wenzangu waliuiga hadi jioni. Nilipofika nyumbani shavu la kushoto lilikuwa limeumuka. Jua lilipozama, la kulia nalo likafuata.

"Maweja wanyi!" Kaku akasema, maana yake Mungu wangu. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Mutoto, fungua kinywa." Sikuweza kufungua zaidi ya upana wa kidole. Hakungoja. Akakamata kinu, akaponda majani machungu ya kongobololo, akamwagia maji kidogo, akachanganya na pemba hadi ikawa uji mweupe wenye kijani ndani yake. Na mama yangu, aliyekuwa amehesabu siku kwa vidole hadi Ijumaa, ambayo sisi tunaiita siku ya tano, hakungoja pia. Akapanda juu ya kigogo karibu na ua, akaita, "Mama Zuena ee! Kuya nisaidie, mutoto amevimba na egzame iko siku ya tano!"

Mama Zuena akaja kwa mlango wa mbele, na jani la mbarika mkononi bado linatoa moshi. Akamkuta Kaku amekwisha kuchovya vidole. Wakatazamana. Mimi katikati, na kichwa kizito kama gunia.

"Mama wa mutoto," Mama Zuena akasema, akimtazama mama yangu tu, "nimeitika kwa sababu umeniita. Lakini siweki mukono wangu juu ya udongo wa mutu mwingine."

"Udongo wangu haukuita mutu," Kaku akasema, akimtazama mama yangu tu.

"Ugonjwa huu unataka moto. Moto unauyeyusha."

"Ugonjwa huu iko moto wenyewe. Unataka baridi, unyonywe."

Mama yangu akapiga makofi. Alikuwa mwanamke mpole, lakini siku hiyo alinishinda mimi kwa kupiga kelele. "Wamama! Mashavu iko mbili! Kaku, kamata ya kuume. Mama Zuena, kamata ya kushoto. Na mutoto njo wangu, asife katikati yenu."

Na hivyo ndivyo uso wangu ulivyogawanywa. Upande wa kulia, udongo mweupe baridi, unaokauka na kuvuta ngozi hadi nikahisi sikio linakuja kukutana na pua. Upande wa kushoto, jani la moto lenye mawese na tangawizi, limefungwa kwa kitambaa kinachozunguka kichwa, mafuta yanatiririka shingoni. Baba aliporudi kutoka reli akasimama mlangoni na taa yake. Akakohoa. "Hii njo bendera ya nchi gani?"

Alipoelezwa alicheka hadi akakaa chini. Kisha akachukua kipande cha kamba, akapima kutoka kwenye sikio hadi pembe ya mdomo, upande huu na upande ule, akafunga fundo kila mahali. Akatundika kamba mbili kwenye msumari ukutani. Akina mama wa kambi walikuwa wamekwisha kujaa uani, maana mambo kama hayo hayahitaji kutangazwa. Baba, akiwa bado na kicheko, akawaambia wote: "Vizuri. Siku ya tano asubuhi nitapima tena. Shavu litakalobaki limevimba, mwenye shavu nitamupandisha treni mimi mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Kaku akacheka. Hata Mama Zuena alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mimi tu sikuelewa kwamba ni mzaha. Nilikuwa na homa, na nilifikiri kama mtoto wa reli. Mama Zuena amezaliwa hapa Kindu, treni itampeleka wapi? Hana kwao kwingine. Basi treni hiyo ni ya mtu mmoja tu. Nilijifunika blanketi, nikatafuta kidole gumba cha Kaku, nikakishika kwa mikono miwili.

Jumapili kamba ilionyesha pande zote zimeongezeka. Jumatatu asubuhi ua ulijaa tena. Baba akapima, akakohoa. Shavu la kushoto limepungua. La kulia, bado. Mama mmoja akapiga kigelegele kwa ajili ya Mama Zuena, na wale waliokuwa upande wa Kaku wakatazama miguu yao. Jumanne ikawa vilevile: la kushoto linaelekea kwenye fundo la kwanza, lile la Jumamosi, la kulia limekaa palepale, kaidi. Leo najua ni kwa nini. La kushoto lilianza kuvimba asubuhi na la kulia jioni, na ugonjwa ule una safari yake ambayo hauruki kituo hata kimoja. Kaku alikuwa amepewa shavu lililochelewa, basi. Lakini nani angejua hivyo pale uani? Kaku mwenyewe hakujua. Nilimwona akionja udongo wake kwa ncha ya ulimi, akiutema, akijiuliza moyoni kama umeharibika njiani.

Na msidhani dawa zile hazikuwa na kazi. Nawaambia mimi niliyekuwa chini yake. Udongo wa Kaku ulipokuwa mbichi, ule moto wa shavu ulitulia, na ningeweza kulala saa moja bila kulia. Jani la Mama Zuena lililegeza taya, na baada yake niliweza kumeza uji wa mchele kijiko kwa kijiko. Kila mmoja alikuwa na kitu chake. Kaku alinichemshia pia lumbalumba, sijui aliipata upande gani wa ua, akaniinamisha juu ya mvuke chini ya blanketi hadi jasho likatoka kama nimetumbukia mtoni. Nilikuwa mgonjwa aliyetunzwa kuliko mtoto wa chifu. Ila kila nikifunga macho nilisikia treni.

Jumanne hiyo, mchana, wakati watu wamelala kwa joto, nikafanya nililofanya. Nikafungua kitambaa, nikatoa jani la Mama Zuena kwenye shavu la kushoto, nikaliweka juu ya shavu la kulia, juu ya udongo wa Kaku. Niliwaza: la kushoto limekwisha kushinda, lipumzike kidogo. La kulia lipate dawa mbili, likimbie, lilifikie mwenzake. Nikifanya hivi kila mchana, hadi Ijumaa yatakuwa sawasawa, na baba hatakuwa na mtu wa kupandisha treni. Nililiacha hapo saa nzima, kisha nikalirudisha. Nilijiona mwerevu kupita direkteri.

Jumatano nikarudia. Safari hii usingizi ukanichukua, na nilipoamka Kaku alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na jani la mbarika liko mkononi mwake. Upande mmoja wa jani ulikuwa umejaa udongo mweupe.

"Nani aliweka hii hapa?" akauliza polepole.

Sikuweza kumdanganya Kaku. "Mimi," nikasema.

Hakuuliza kwa nini. Hapo ndipo lilipo kosa, hakuuliza, na mimi sikusema. Alilitazama jani, akalifuta udongo kwa kidole gumba, kile kile ninachoshika usiku, akalikunja vizuri, akalirudisha upande wa kushoto, akafunga kitambaa. Kisha akatoka. Nikamsikia akimwambia mama yangu jikoni, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Mutoto amechagua. Hata yeye anaona dawa yangu si dawa tena. Hapa wana mwenye dawa wao. Mwambie mume wako anitafutie nafasi katika treni ya posho, ile ya Jumamosi, nirudi kwetu."

"Kaku, hapana sema hivyo," mama yangu akajibu.

"Sijakasirika. Nimechoka kubeba udongo wa nchi nyingine."

Akarudi chumbani, akatandika kitambaa chini, akaanza kukunja nguo zake. Sketi, blauzi, vitenge viwili. Mfuko wa pemba ulikuwa umebaki kidogo, akaukaza kwa kamba. Nilimtazama anavyokunja, na nikaelewa kwamba treni niliyokuwa naikimbia nimeiita mimi mwenyewe. Nikataka kusema, taya likakataa. Nikataka kulia, shavu likavuta kama linachanika. Basi nikaacha liume. Nikafungua kinywa, nikapiga ukelele uliowatoa kuku uani.

"Sitaki upande treni! Baba alisema! Alisema shavu likibaki utapanda treni! Niliweka jani ili shavu lako lishinde! Njo shavu lako, Kaku, mi nilitaka njo lishinde!"

Kaku akabaki na kitenge hewani. Mama akatokea mlangoni na mwiko. Na juu ya ua wa matete, ambapo tangu mvua za kwanza hapakutokea kichwa, kilikuwa kimetokea kichwa cha Mama Zuena. Alikuwa amesikia kila neno. Sauti yangu, nadhani, hata kituoni waliisikia.

Hakuzunguka kwa mlango wa mbele. Alisukuma matete, akapita palepale, akaingia hadi chumbani kwetu na miguu yenye vumbi. Akamtazama Kaku, yeye hasa, si mtu mwingine.

"Moyo, Kaku," akasema.

Hiyo ni salamu ya kwetu Kasai, maana yake uzima. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa ameisikia kila asubuhi juu ya ua, miezi yote ile ya kununa, na aliitamka vizuri kabisa, hata kwa lafudhi yetu. Kaku akatazama chini, akatazama kitenge, akatazama jani shavuni mwangu.

"E, moyo," akajibu.

"Sasa kaa chini," Mama Zuena akasema. "Nguo hizo zikunjue. Mume wa huyu mama anacheka-cheka ovyo, halafu mutoto anataka kufa kwa ajili ya treni. Mi nitamusema leo. Atanijua." Akakaa mkekani, akamgeukia Kaku. "Huu udongo, unachanganya na nini? Kwa sababu tangu aweke jani langu juu yake, nimeona upande huu ngozi imelegea vizuri kuliko upande wangu. Nimeona jana, nikanyamaza. Nilikuwa na kiburi."

"Kongobololo," Kaku akasema. "Na maji kidogo. Na wewe, tangawizi unaponda mbichi ao unachoma kwanza?"

"Nachoma."

"Aka! Njo maana inanukia hivyo."

Nawaambia, nililala nikiwasikia wale wanawake wawili wakiongea juu ya majani kama watu waliofungwa midomo mwaka mzima. Walibishana kuhusu mawese mapya na mawese ya zamani. Walibishana kuhusu jani changa na jani lililokomaa. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba mama yangu anapika uji mzito mno kwa mgonjwa, na mama yangu akaondoka akisonya kwa furaha. Tangu jioni ile mashavu yote mawili yalikuwa na dawa moja. Asubuhi udongo baridi, mchana mvuke, jioni jani la moto lililopakwa mawese, halafu udongo tena. Baba alipotoka kazini alikutana na Mama Zuena mlangoni. Sikusikia alichoambiwa, lakini alikuja kitandani kwangu, akakohoa mara tatu, akang'oa kamba zote mbili kwenye msumari, akazitia motoni mbele yangu. "Hakuna treni," akasema. "Baba yako ni mjinga. Lala."

Alhamisi nilikula bugali. Bugali laini, pamoja na sombe ya majani ya muhogo, lakini ilikuwa bugali. Ijumaa asubuhi uso wangu ulikuwa karibu uso wangu. Shavu la kulia lilikuwa na unene kidogo, chini ya sikio, ambao ungeuona tu kama ungeutafuta. Kaku alinisuka nywele zishuke pembeni. Mama Zuena alinipaka mafuta uso mzima ili kila mahali pang'ae sawasawa. Wakanishika mkono, mmoja huku, mmoja huku, tukatoka kambini. Watu walisimama milangoni. Mama mmoja akauliza, "Nani alishinda?" Mama Zuena akamwambia aende kuchota maji.

Mlangoni pa shule direkteri alikuwa amesimama na infirmie, yaani muuguzi, mwenye koti jeupe, na juu ya dawati kulikuwa na sahani imejaa ndimu zilizokatwa. Hatukuwa tumeambiwa habari za ndimu. Kumbe infirmie alijua kitu: mwenye matubwitubwi akionja kitu kichachu, mate yanapokimbilia kinywani taya linamchoma, na hakuna binadamu anayeweza kuficha. Mbele yangu mvulana mmoja mnene, shavu zuri kabisa, aliuma ndimu, akashika taya, akapelekwa kando analia. Zamu yangu ikafika.

Infirmie akabonyeza shavu langu la kushoto. Akabonyeza la kulia, akasimama hapo, akabonyeza tena. Akamtazama direkteri. Direkteri akakunja uso.

"Mutoto huyu alikuwa anaugua," akasema.

"Alikuwa," Mama Zuena akasema nyuma yangu.

"Shavu hili bado iko nene."

"Ni nene kwa kuzaliwa," Kaku akasema. "Tazama langu."

Watu wakacheka, lakini infirmie hakucheka. Akanipa kipande cha ndimu. Nikakiweka kinywani. Nikauma.

Na nikangoja. Chini ya sikio la kushoto, kimya. Chini ya sikio la kulia kitu kikagusa, kama siafu mmoja amepotea njia, kikafikiri, kikaondoka. Basi! Mungu wangu, hicho tu! Lile taya lililokuwa likinitoa ukelele kwa kipande cha nanasi lilikuwa linatafuna ndimu mbele ya direkteri, mbele ya bendera, mbele ya kila aliyeniita Mama Papai wiki nzima kwa ajili ya mashavu yangu. Nikatafuna na ganda. Nikameza na kokwa. Machozi yalinitoka, ndiyo, kwa sababu ndimu ni ndimu, lakini uso wangu ulikuwa umetulia kabisa, na nikanyoosha mkono kuelekea sahani.

"Ongeza," nikasema.

Direkteri alicheka hadi kifungo cha juu cha abakosti kikafunguka. "Pita, sitwayene, mwananchi wetu. Pita kabla hujamaliza ndimu za watu."

Nikapita. Nilifaulu mtihani ule, na nilifaulu vizuri, na shangazi akatafuta mtu mwingine wa kumlelea watoto. Kaku alikaa nasi hadi siku zake za mwisho. Hata hivyo siku ninayoibeba moyoni si ile ya kusomwa majina, ni ile ile ya Ijumaa. Nilikuwa nimekwisha kukaa kwenye dawati langu, karatasi imegeuzwa chini, darasa limenyamaza, mara nje vigelegele vikapasuka. Si kimoja. Vile vya Kasai, vinavyopanda na kukatika, na vile vya Kindu, virefu visivyo na pumzi, vimepandana. Direkteri akakimbilia dirishani. "Wamama! Hii ni egzame, haiko ndoa!"

"Ndoa tunaona kila posho!" Mama Zuena akajibu kutoka chini. "Hii njo ya kwanza!"

Direkteri akageuka, akanitazama, akageuka tena nje. Alijaribu kuwa mkali. "Yule aliyekula ndimu. Nani kati yenu njo mwenye mutoto?"

Nilisikia sauti mbili zikijibu pamoja, bila hata moja kuingoja nyingine.

"Mimi."